Tanganyika: ujenzi wa taifa la rangi zote baada ya uhuru

Ujenzi wa taifa la rangi zote ni mfululizo wa maamuzi yaliyofanywa Tanganyika, baadaye Tanzania Bara, tangu uchaguzi wa kura tatu wa 1958 na 1959 hadi serikali ilipotaifisha majumba mwaka 1971. Serikali iliyopokea nchi kutoka kwa Waingereza ilikabiliwa na maswali mawili: raia ni nani, na raia asiye Mwafrika ana haki gani? La kwanza lilimalizwa bungeni kwa siku chache. La pili lilichukua muongo mzima, na sehemu ya jibu lake imo katika ramani ya Dar es Salaam, kuanzia mtaa wa Upanga, walikoishi Waasia wengi, hadi Tegeta, nje ya mji wa zamani.

Kura tatu

Gavana Edward Twining, aliyetawala kuanzia 1949 hadi 1958, alishikilia kwamba nchi ina jamii tatu zinazostahili sauti sawa. Katika Baraza la Kutunga Sheria la 1955, upande wa wajumbe wasio watumishi wa serikali ulipewa Waafrika 10, Waasia 10 na Wazungu 10. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8. Wazungu walikuwa kama 20,000. Huo ndio usawa uliokusudiwa, na chama cha UTP kilianzishwa mwaka 1956 kuutetea.

Uchaguzi uliofuata ulimtaka kila mpigakura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Masharti ya elimu, cheo au kipato cha pauni 150 kwa mwaka yaliwaacha nje watu wengi. Wanachama wengi wa TANU, chama kilichodai uhuru, walitaka kususa. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ndio uliogeuza mambo: kiongozi wa TANU, Julius Nyerere, aliwashawishi wajumbe washiriki, Zuberi Mtemvu akajitoa na kuanzisha chama cha ANC, kilichodai Afrika iwe ya Waafrika. TANU iliwaunga mkono wagombea wa rangi zote tatu, na Amir Jamal, Derek Bryceson, Sophia Mustafa na Lady Marion Chesham wakaingia barazani kwa msaada wa wafuasi wake. Mtego ulimnasa aliyeutega. UTP ilikufa, na katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71.

Mjadala wa uraia

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, baadhi ya wabunge, akiwemo Christopher Tumbo wa chama cha wafanyakazi wa reli, walipinga muswada uliowafungulia mlango wa uraia watu wa rangi zote. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: Mwafrika alikuwa nyuma kwa shule, duka na cheo, na walihofia kwamba usawa wa karatasi ungemwacha palepale. Nyerere aliwajibu kwa ukali usio wa kawaida, akasema serikali nzima ingejiuzulu muswada ukikataliwa. Ukapita. Aliyezaliwa nchini na mzazi aliyezaliwa nchini akawa raia siku ya uhuru; wakazi wengine walipewa miaka miwili ya kujiandikisha. Familia nyingi za Kihindi ziligawanya pasipoti, mmoja akachukua ya Tanganyika na nduguye akabaki na ya Uingereza.

Kuanzia Januari 1962 shule zilizokuwa zimetengwa kwa rangi ziliunganishwa kuwa mfumo mmoja. TANU yenyewe ilichelewa kuliko serikali yake, kwani ilifungua uanachama kwa wasio Waafrika mwaka 1963 tu.

Maasi ya Colito

Rashidi Kawawa, aliyeshika uwaziri mkuu Januari 1962, aliharakisha kuwapa Waafrika nafasi za Wazungu serikalini. Mitaani wenye vyeo hivyo vipya waliitwa manaizi. Mapema Januari 1964 Nyerere, sasa akiwa rais, alitangaza kwamba ajira serikalini haitaangalia tena rangi bali uraia. Vyama vya wafanyakazi vilinung'unika.

Usiku wa kuamkia Januari 20, askari wa kambi ya Colito, kwenye barabara ya Bagamoyo inayokwenda Tegeta, waliasi wakitaka mishahara zaidi na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Mjini maduka ya Wahindi na Waarabu yaliporwa na watu waliuawa. Januari 25 makomando wa Uingereza waliingia kwa ombi la serikali na kuyazima maasi. Jeshi lilivunjwa, jeshi jipya la JWTZ likaundwa Septemba mwaka huohuo, na kambi ikaitwa Lugalo, jina la mahali ambapo Wahehe wa chifu Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwaka 1891.

Mwaka 1965, katika uchaguzi wa chama kimoja, ambamo wagombea walitambulishwa kwa alama za jembe na nyumba, Jamal alimshinda mpinzani Mwafrika huko Morogoro, na Bryceson akashinda upande wa Kinondoni. Hakukuwa na viti vya rangi tena.

Majumba na viwanja

Mji ulikuwa mgumu kuliko bunge. Wakoloni waliugawa kwa kanda za viwango vya ujenzi: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, Kariakoo na Ilala kwa Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukiwa mpaka. Aprili 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Yaliyozidi miaka kumi hayakulipiwa fidia. Sheria haikutaja rangi, lakini wenye majumba wengi mno walikuwa Waasia, na maelfu yao wakahamia Uingereza na Kanada. Ni vigumu kuamini kwamba watunga sheria hawakulijua hilo. Majumba yalisimamiwa na Msajili wa Majumba hadi Shirika la Nyumba la Taifa lilipoyarithi mwaka 1990.

Tegeta haikuwa Uzunguni wala Uhindini. Ilikuwa mashamba nje ya mji, jirani na kilima cha Wazo ambako kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji mwaka 1966. Mji ulipoifikia, mwenye fedha alijenga, asiye nazo akasogea mbele kuelekea Bunju. Miaka ya 2000 mradi wa viwanja 20,000 ulipima maeneo jirani kama Mivumoni na Boko, na viwanja vikauzwa kwa bei, bila kuangalia kabila wala rangi. Sheria ya Ardhi ya 1999, hata hivyo, ilipotungwa haikumruhusu asiye raia kugawiwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kwa hiyo, kwa sheria hiyo ilivyotungwa, mjukuu wa aliyeondoka Upanga mwaka 1971, aliyerudi na pasipoti ya Kanada, hakuweza kupewa hati ya kiwanja cha kuishi Tegeta.