Rangi inavyofichua vinyama hatari vya utumbo mpana

Mkazi wa Jinja au Mbale anayeona damu katika choo mara nyingi hudhani ni bawasiri, au kichocho cha tumbo ikiwa anaishi kando ya Ziwa Viktoria. Lakini damu hiyo yaweza kutoka kwenye polipu, yaani vinyama vinavyoota ndani ya utumbo mpana. Vingi havina madhara. Baadhi hugeuka saratani baada ya miaka mingi.

Ili kuvitafuta, daktari hupitisha mrija wenye kamera kwenye njia ya haja kubwa. Kwa mwanga wa kawaida, vinyama bapa hufanana na utando unaovizunguka. Hapo ndipo rangi hunyunyiziwa. Indigo kamini hainyonywi. Hutuama katika vishimo vidogo na kudhihirisha umbo la kinyama. Methileni bluu, inayotumiwa pia maabara katika kupima makohozi ya kifua kikuu, huingia ndani ya seli.

Katika miaka ya 1990, daktari Shin-ei Kudo wa Japani aliviainisha vishimo hivyo. Vya mviringo au mfano wa nyota kwa kawaida si vya hatari. Vya mfano wa mirija, au mikunjo kama ya ubongo, huashiria kinyama kinachofaa kuondolewa. Vilivyovurugika huashiria saratani. Endositoskopi huenda mbali zaidi: lenzi yake hugusa kinyama na kukikuza mara 500 hivi, hata viini vya seli vikaonekana papo hapo. Hata hivyo, kinyama kilichokatwa hupelekwa maabara kwa uthibitisho.

Mwaka 1971, Denis Burkitt, aliyekuwa daktari wa upasuaji nchini Uganda, aliandika kuwa saratani hii ilikuwa nadra barani Afrika, akihusisha hali hiyo na vyakula vyenye nyuzinyuzi. Tangu wakati huo, kumbukumbu za saratani za Kampala zimeonyesha ongezeko.

Kwa hiyo, damu katika choo, mabadiliko ya choo yanayodumu kwa wiki kadhaa, kukonda au upungufu wa damu usio na sababu ni mambo ya kumweleza daktari mapema, hasa iwapo ndugu wa karibu aliwahi kuugua. Kinyama kikiondolewa kabla ya kugeuka, saratani huzuiwa. Na choo au mkojo ukiwa wa buluu au kijani baada ya kipimo cha methileni bluu, usiogope: ni rangi inayotoka mwilini.