Mruko wa Mwanamke na Wapimaji Wake

Bujora, karibu na Kisesa, mwendo mfupi kutoka mji wa Mwanza, ndiko alikofanya kazi padre David Clement wa Wamisionari wa Afrika, na ndiko yalikosimama Makumbusho ya Wasukuma. Kila mwaka, yapata mwezi wa Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, hufanyika hapo Bulabo, mashindano ya ngoma baina ya vyama viwili vya tangu zamani, Bagika na Bagalu. Desturi yao ya kuhukumu ni nyofu mno: makundi mawili hucheza wakati mmoja, kila moja mahali pake, na lile livutalo umati mkubwa zaidi ndilo mshindi. Mchezaji wa bugobogobo, ngoma ya jembe, akiruka na kugeuka upesi, hukumu yake imo miguuni mwa watazamaji, nao huihukumu kwa kumfuata ama kumwacha.

Mpira wa miguu wa wanawake ulipata wapimaji wa namna nyingine. Tarehe 26 Desemba 1920, katika uwanja wa Goodison Park mjini Liverpool, watu wapatao 53,000 walikwenda kuwatazama wasichana wa kiwanda cha Dick, Kerr wakicheza na wenzao wa St Helens. Kwa sheria ya Bujora wasichana wale walikuwa wamekwisha kushinda. Walakini kabla mwaka haujatimia, tarehe 5 Desemba 1921, Chama cha Mpira cha Uingereza kiliamua kwamba mchezo huo hauwafai wanawake, kikavifunga viwanja vya wanachama wake. Marufuku hiyo ilidumu karibu miaka 50. Brazili nayo ilipiga marufuku yake mwaka 1941, isiiondoe mpaka 1979.

Sababu iliyotajwa aghalabu ilikuwa mwili. Mwaka 1928, mjini Amsterdam, Lina Radke wa Ujerumani alishinda mbio za mita 800 kwa muda ambao haukupata kuonekana duniani. Magazeti yakaandika zaidi juu ya wanawake waliolala chini kwa uchovu, na mbio hizo zikaondolewa katika Olimpiki ya wanawake hadi 1960. Kana kwamba mwanamume hakupata kulala chini baada ya mbio! Hata Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, lililochezwa Uchina mwaka 1991, lilikuwa na michezo ya dakika 80 badala ya 90.

Tanzania iliingia baadaye. Twiga Stars walifika fainali za Afrika mwaka 2010, nchini Afrika Kusini, wasishinde mchezo hata mmoja. Ligi Kuu ya wanawake ilianza msimu wa 2016/17, na baadaye Mwanza ikawa na timu yake humo, Alliance Girls. Mwezi wa Oktoba 2022, nchini India, wasichana wa Serengeti Girls, wenye umri usiozidi miaka 17, walifungwa na Japani mabao 4 kwa 0 katika mchezo wao wa kwanza. Siku tatu baadaye wakaishinda Ufaransa 2 kwa 1, wakatoka sare na Kanada, wakaingia robo fainali. Hapo Kolombia ikawatoa.

Swali la kama mwanamke aweza kukimbia na kuruka limekwisha. Lililobaki ni jinsi anavyotua, na hili si dogo, kwani ndilo liamualo kama binti wa miaka 16 atacheza tena ama atachechemea. Mchezaji wa kike hukatika kano ya ndani ya goti mara mbili hata tatu zaidi ya wa kiume. Mara nyingi hagongwi na mtu: amekimbia kwa kasi, amegeuka ghafla, ama ametua kutoka mruko goti likiwa limenyooka, kisha likaangukia ndani. Mazoezi mengi yalitungwa kwa kuwatazama wanaume, hata viatu vikashonwa kwa nyayo zao. Huo nao ni uonevu, ijapokuwa haukuandikwa katika azimio lolote.

Huko Norwei, wachezaji wa kike zaidi ya 1,800 wa miaka 13 hadi 17 walifanyiwa uchunguzi, matokeo yakatangazwa mwaka 2008: katika timu zilizofundishwa kukimbia, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua kwa goti lililokunjika, majeraha makubwa yalipungua karibu nusu. Mazoezi hayo huchukua dakika 20 kabla ya mchezo, wala hayataki chombo ila mpira na uwanja.