Ukoo Ndani ya Cheti cha Kifo

Msomaji, katika nyumba nyingi za Nakuru, kuanzia Njoro mpaka Subukia, pana sanduku la bati ambalo hufunguliwa kwa nadra. Ndani yake mna risiti za kodi, hati ya shamba, na pengine cheti cha kifo cha babu. Wazee wakikuruhusu kukitazama, kitazame kwa makini, maana karatasi hiyo ni shahidi wa historia. Lakini kama walivyo mashahidi wengi, jambo moja hulijua vizuri, na mengine huyajua kwa kusikia tu.

Cheti cha Kenya hutaja jina la marehemu, kwamba alikuwa mwanamume au mwanamke, umri wake, kazi, makazi, mahali na siku aliyokufa, sababu ya kifo, na jina la mtu aliyetoa habari kwa msajili. Jina la baba na la mama halimo. Huko Skoti, tangu mwaka 1855, cheti cha kifo hutaja wazazi wote wawili, na mtafiti hupanda kutoka kizazi hata kizazi kama apandaye ngazi. Sisi ngazi hiyo hatukupewa. Yatupasa kusoma majina yenyewe.

Tuchukue mfano wa kubuni. Cheti kinasema: Njoroge wa Kamau, mwanamume, miaka 70, mkulima wa Subukia, amekufa mwaka 1974, mtoa habari, Kamau wa Njoroge, mwanawe. Kwa desturi ya Wakikuyu, mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Mabinti nao huitwa majina ya nyanya zao kwa taratibu iyo hiyo. Basi Kamau huyu huenda ndiye kifungua mimba wa kiume, na jina lake lathibitisha jina la baba wa marehemu. Lakini kama aliyekwenda kwa msajili angekuwa nduguye aitwaye Mwangi, huenda jina hilo ni la baba wa mke wa marehemu, na hapo umempata mtu ambaye karani hakukusudia kamwe kumwandika. Nasema huenda, kwa kuwa desturi si sheria ya hesabu: mtoto hufa mchanga, na mpango wa majina ukavurugika.

Sasa tuseme umeona kadi mbili za ubatizo, na marehemu huyo alikuwa na wana wawili, wote wawili wakiitwa Kamau. Usiharakishe kusema kwamba karani amekosea. Katika boma la wake wengi, mwana wa kwanza wa kila mke huitwa kwa babu yule yule. Kwa hiyo akina Kamau wawili ni dalili kubwa ya akina mama wawili. Cheti kimeinyamazia nyumba ya pili, bali majina yameitaja.

Kwa Wakalenjin jina husema kwa njia nyingine. Zamani kijana aliyekwisha kutahiriwa alichukua jina la baba yake likitanguliwa na neno arap. Mwana wa Kiprono akawa arap Rono. Cheti cha mzee wa namna hiyo chamtaja baba waziwazi. Lakini siku hizi jina hilo limeganda, na wajukuu na vitukuu wote ni Rono. Ukihesabu vizazi kwa kulifuata utaruka watu wawili watatu. Na kwa wanawake jihadhari zaidi: Wanjiku wa Kamau aweza kuwa binti wa Kamau, tena aweza kuwa mkewe.

Labda utauliza kwa nini katika sanduku la nyumbani kwenu mna cheti cha babu lakini hamna cha babu yake. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na baada ya Wamaasai kuhamishwa kutoka bonde hili mwaka 1904, walowezi walijigawia mashamba, wakafuatwa na wafanyakazi kutoka pande nyingi. Mwaka huo huo wa 1904 usajili wa vifo ulianza, kwa Wazungu na Wamarekani tu. Mwaka 1906 waliongezwa Waasia. Mwafrika hakulazimishwa kusajiliwa mpaka mwaka 1963, tena kwanza Nairobi na Nyeri, na nchi yote ikaingizwa mwaka 1971. Ndiyo sababu mwenye shamba aliyefia Njoro yumo daftarini, na mchungaji wa ng'ombe wake mara nyingi hayumo. Serikali iliyokuwa haina haja na kifo cha mchungaji ilikuwa na haja kubwa na jasho lake: kwa sheria ya mwaka 1915 alipewa kipande, chenye alama za vidole na habari za waajiri wake, akakivaa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Kikipatikana kipande, chaweza kukuonyesha alikotoka. Kumbuka pia ya kuwa kifo husajiliwa mahali kilipotokea, na kwamba wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, Wakikuyu wengi waliondolewa mashambani wakarudishwa Kati. Usitafute Nakuru tu.

Utafiti huu si mchezo. Baada ya uhuru mashamba mengi ya bonde hili yaligawanywa, na kila kipande cha ardhi kwa kawaida kiliandikwa jina la mtu mmoja. Afapo mtu huyo, wanaoomba urithi mahakamani hupeleka cheti cha kifo pamoja na barua ya chifu yenye majina ya warithi. Hapo ndipo mmoja husimama akasema, "Jina langu limo katika cheti, lako halimo." Hoja hiyo haina miguu. Mtoa habari ni mtu aliyefika mbele ya msajili, pengine kwa sababu ndiye aliyekuwa na nauli siku ile. Cheti kimethibitisha kwamba Njoroge amekufa. Hakikuhesabu watoto wake. Sheria ya Urithi, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1981, huitambua hata nyumba ya mke wa pili aliyeolewa kimila, lakini nyumba hiyo sharti ilete ushahidi. Na watu wengi waliochomewa makazi Nakuru na Naivasha mapema mwaka 2008 walipoteza karatasi zao motoni. Nakala ya cheti yaweza kuombwa upya kwa msajili. Kadi ya ubatizo ikiungua, na kitabu cha kanisa kikawa hakionekani, wamebaki wazee.

Basi mtafute yule aliyetajwa katika mstari wa mtoa habari. Akiwa hai, mwendee na daftari lako, umwamkie kwa adabu, umwulize boma la marehemu lilikuwa na majiko mangapi, na kila mtoto aliitwa kwa nani. Mwulize pia ile miaka 70 aliitoa wapi. Pengine atacheka, akuambie kwamba karani ndiye aliyeikisia, kwa kumtazama yeye.