Wastani wa bei unavyoweza kumfanya katibu aonekane mwizi: Takwimu za msingi kwa mchambuzi wa biashara

Tuseme mpo kwenye mkutano wa chama cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS, huko Mapera wilayani Mbinga. Msimu wa kahawa umeisha. Katibu anasimama na karatasi yake: "Ndugu wanachama, tumeuza kwenye minada mitatu. Bei zilikuwa Sh7,000, Sh9,000 na Sh11,000. Kwa hiyo wastani wa bei yetu ni Sh9,000 kwa kilo."

Makofi.

Kijana mmoja aliyekaa nyuma anatoa simu, anapiga hesabu. Kilo zilizouzwa ni 6,500. Mara Sh9,000 ni Sh58.5 milioni. Lakini taarifa ya benki, kabla ya makato yoyote, inasema Sh49.5 milioni. Sasa anauliza kwa sauti: "Milioni tisa ziko wapi?"

Mkutano umeshaharibika. Na hakuna aliyeiba hata shilingi.

Mfano huu ni wa kutunga, ila kosa lililomo ni la kila siku, kwenye ofisi za Dar es Salaam na kwenye daftari za vijijini. Kama kazi yako ni kuchambua biashara, au ndiyo kwanza umekabidhiwa kuandaa ripoti ya kikundi chenu, mambo haya machache yatakuokoa.

Bei haitembei bila kilo

Katibu alijumlisha bei tatu akagawa kwa tatu. Alisahau kuuliza: kila bei ilibeba kilo ngapi?

• Mnada wa kwanza: kilo 5,000 kwa Sh7,000 = Sh35 milioni
• Mnada wa pili: kilo 1,000 kwa Sh9,000 = Sh9 milioni
• Mnada wa tatu: kilo 500 kwa Sh11,000 = Sh5.5 milioni

Jumla ni Sh49.5 milioni. Gawa kwa kilo 6,500, unapata kama Sh7,615 kwa kilo. Huo ndio wastani wa kweli, kwa sababu umezipa kilo uzito wake. Bei nzuri ya Sh11,000 ilikuwepo kweli, ila iligusa kilo 500 tu.

Kanuni ni rahisi: ukitafuta wastani wa bei, gawa pesa zote kwa kilo zote. Usigawe bei kwa idadi ya minada.

Kwanza safisha daftari

Kabla ya kukokotoa chochote, hakikisha unajumlisha vitu vya aina moja. Kwenye kahawa hili ni muhimu sana, maana "kilo ya kahawa" ina maana zaidi ya moja. Kuna kilo ya matunda mabichi yaliyotoka shambani. Kuna kilo ya kahawa iliyomenywa, ikaoshwa na kukaushwa ikiwa bado na ganda lake jembamba. Halafu kuna kahawa safi iliyokobolewa, tayari kusafirishwa.

Kupata kilo moja ya kahawa kavu yenye ganda unahitaji takriban kilo tano za matunda mabichi. Kwa hiyo ukichanganya kilo za matunda na kilo za kahawa kavu kwenye safu moja ya daftari, jumla yako haina maana yoyote.

Na bei za dunia hivyo hivyo. Kahawa ya arabika, ambayo ndiyo inayolimwa Mbinga, bei yake ya soko la New York hutajwa kwa senti za dola kwa pauni, siyo kwa kilo. Mwezi Februari 2025 bei hiyo ilivuka senti 400. Pauni moja ni kama gramu 454, kwa hiyo senti 400 ni karibu dola 8.8 kwa kilo. Tena hiyo ni kilo ya kahawa safi. Mtu akiichukua akailinganisha moja kwa moja na kilo ya matunda mabichi, lazima aone ameibiwa.

Wastani au namba ya katikati?

Wakulima tisa wameleta kahawa yao ghalani. Kilo zao, kuanzia wa chini hadi wa juu: 120, 150, 180, 200, 210, 240, 260, 300 na 1,940.

Jumla ni kilo 3,600. Wastani ni 400. Lakini angalia tena hiyo orodha: wangapi wamefikisha 400? Mmoja tu! Wanane wote wako chini ya "wastani".

Mkulima mkubwa mmoja ameuvuta wastani juu. Ukitaka kumjua mkulima wa kawaida, panga namba kwa mfuatano, chukua iliyokaa katikati kabisa. Hapa ni ya tano: kilo 210. (Idadi ya namba ikiwa shufwa, chukua mbili za katikati, zijumlishe, gawa kwa mbili.)

Unaweza kusema hizi ni hesabu tu. Hapana. Tuseme mkopo wa mbolea umepangwa kwa kuangalia wastani wa 400, na marejesho ni sawa na kilo 100 kwa kila mtu. Kwenye karatasi ni robo tu ya mavuno, hakuna shida. Kwa mkulima wa kilo 210, ni karibu nusu ya mavuno yake. Kwa yule wa kilo 120, ni asilimia 83. Huyu atabaki na kilo 20 za kusomesha watoto mwaka mzima. Na mtu aliyebanwa hivyo ndiye mwakani anauza kahawa ikiwa bado shambani kwa bei ya kutupa, ile biashara inayojulikana kama magoma.

Mchambuzi aliyeandika "wastani kilo 400" hakudanganya. Ila ameumiza watu.

Wastani mmoja, vikundi viwili tofauti

Sasa chukua vikundi viwili vyenye wakulima watano kila kimoja:

• Kikundi A: 190, 200, 210, 220, 230
• Kikundi B: 60, 110, 210, 290, 380

Wastani wa A ni 210. Wastani wa B ni 210. Hata namba ya katikati ni ileile, 210. Lakini ukiwa benki, utavikopesha kwa masharti sawa?

Hapa ndipo unahitaji kupima mtawanyiko, yaani namba zimesambaa kiasi gani. Njia ya haraka: toa ndogo kwenye kubwa. A inakupa 40, B inakupa 320. Njia makini zaidi ni mchepuko, unaoonyesha kwa kawaida kila namba iko umbali gani kutoka kwenye wastani. Kwa A ni kama kilo 14, kwa B ni kama kilo 116.

Huhitaji kukokotoa kwa mkono. Kwenye Excel au Google Sheets, andika AVERAGE kupata wastani, MEDIAN kupata namba ya katikati, na STDEV.P kupata mchepuko wa kundi zima. Kama una sampuli tu ya watu wachache kutoka kundi kubwa, tumia STDEV.S.

Linganisha mwaka na mwaka wake

Mbuni wa arabika una tabia yake: mwaka mmoja unabeba sana, mwaka unaofuata unapumzika. Tuseme AMCOS imekusanya tani hizi kwa misimu sita: 60, 40, 64, 42, 66, 44.

Ukilinganisha msimu na uliotangulia, ripoti yako itasomeka hivi: "Uzalishaji umeporomoka kwa asilimia 33!" Mwaka unaofuata: "Uzalishaji umepaa kwa asilimia 60!" Mwenyekiti mmoja atafukuzwa, mwingine atabebwa juu juu, na wote hawakufanya lolote.

Chukua wastani wa kila misimu miwili inayofuatana: 50, 52, 53, 54, 55. Picha imebadilika kabisa. Chama kinakua, polepole lakini bila kurudi nyuma.

Ukishuka ziwani, jambo ni lilelile. Wavuvi wa Ziwa Nyasa huvutia dagaa usiku kwa taa, na taa inafanya kazi vizuri giza likiwa totoro. Mwezi ukiwa mpevu, dagaa wanapungua. Mfanyabiashara wa Mbamba Bay akilinganisha wiki ya giza na wiki ya mbalamwezi anaweza kudhani soko limekufa. Alinganishe giza na giza, mbalamwezi na mbalamwezi.

Asilimia inataka kuulizwa maswali

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,376,891 mkoani Ruvuma. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,848,794. Ongezeko ni watu 471,903, sawa na asilimia 34.

Wengi hapo wanagawa kwa kumi na kuandika "asilimia 3.4 kwa mwaka". Siyo sahihi. Kila mwaka ongezeko linajengwa juu ya watu walioongezeka mwaka uliopita, kama riba inayozaa riba. Jibu sahihi ni karibu asilimia 3 kwa mwaka.

Tena jiulize: 34 ni kubwa au ndogo? Tanzania nzima ilitoka watu 44,928,923 hadi 61,741,120, ongezeko la asilimia 37. Kwa hiyo Ruvuma imekua, ila kwa kasi ndogo kidogo kuliko nchi. Asilimia bila kitu cha kulinganishia haisemi kitu.

Mchoro upi kwa kazi ipi?

Mwaka 1786, Mskochi William Playfair alichapisha kitabu cha michoro ya biashara ya Uingereza, akitumia mistari kuonyesha miaka inavyopita. Alipofika Scotland akakuta ana takwimu za mwaka mmoja tu. Mstari haukuwezekana, akachora nguzo kwa kila nchi iliyofanya nayo biashara. Zaidi ya miaka 200 baadaye, bado tunafuata njia yake:

• Grafu ya mstari: kitu kimoja kinavyobadilika kwa muda, kama bei mwezi hadi mwezi.
• Grafu ya nguzo: kulinganisha vitu, kama kilo za kijiji kimoja na kingine.
• Grafu ya duara: sehemu za kitu kizima, na zisizidi tatu au nne. Vipande vikizidi, jicho linashindwa kulinganisha.
• Mchoro wa nukta: vitu viwili pamoja, kama mifuko ya mbolea na kilo zilizovunwa.

Huo wa mwisho usiupuuze. Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alitunga seti nne za namba zenye wastani karibu sawa, mtawanyiko karibu sawa, hata uhusiano karibu sawa. Ukizichora, moja ni mstari uliotawanyika kidogo, nyingine ni upinde, na mbili zimevurugwa na nukta moja iliyojitenga. Namba zilificha, mchoro ukaumbua. Na kumbuka, nukta zikipanda pamoja bado hujathibitisha kwamba kimoja kinasababisha kingine. Huenda wanaonunua mbolea nyingi ndio wenye mashamba makubwa.

Nguzo zianzie sifuri

Bei mwaka jana Sh7,000, mwaka huu Sh7,350. Imepanda asilimia 5. Lakini ukichora nguzo na ukaanzisha mhimili wima kwenye 6,900, nguzo ya pili inakuwa ndefu mara nne na nusu ya ya kwanza! Anayeona kwenye WhatsApp ataamini bei imelipuka.

Kwenye nguzo, jicho linapima urefu, kwa hiyo anzia sifuri. Kwenye mstari unaweza kuanzia juu zaidi, mradi uandike wazi namba za mhimili. Na kwa kuwa wengi watasoma kwenye simu: mchoro mmoja ubebe ujumbe mmoja, maandishi yawe makubwa, na kizio kionekane, shilingi au kilo au tani.

Kabla hujabonyeza "tuma"

1. Vipimo vyote ni vya aina moja?
2. Wastani umezingatia uzito wa kila kiasi?
3. Umeweka na namba ya katikati?
4. Umeonyesha mtawanyiko, angalau ndogo na kubwa?
5. Umelinganisha vipindi vinavyofanana?
6. Asilimia imeambatana na idadi yenyewe?
7. Nguzo zinaanzia sifuri?

Turudi mkutanoni. Katibu yuleyule angeweza kusema: "Tumeuza kilo 6,500, tumepata Sh49.5 milioni, sawa na Sh7,615 kwa kilo. Bei ya chini ilikuwa 7,000 na ya juu 11,000, ila kilo 5,000 zilienda kwa ile ya chini." Kijana wa nyuma angepiga hesabu zake, na zingefika kwenye pesa zilezile zilizoko benki.

Makofi labda yangepungua. Lakini swali lake lingekuwa lingine, na la maana zaidi: "Kwa nini tuliuza nyingi hivyo mnada wa kwanza?"