Kiti cha Kocha Robinson

Ndugu msikilizaji, huku kwetu kocha akitoka sare mechi tatu mfululizo, mashabiki huanza kumfungia virago. Leo nakuletea habari za kocha wa Marekani aliyekaa na timu moja tangu mwaka 1941 hadi 1997. Jina lake Eddie Robinson, na timu ni ya chuo cha Grambling, chuo cha Wamarekani weusi katika jimbo la Louisiana. Mchezo wenyewe si soka hii yetu, bali ule wa Kimarekani, wa mpira mfano wa yai unaobebwa na kurushwa kwa mikono.

Robinson aliajiriwa akiwa na umri wa miaka 22, akitokea kiwanda cha chakula cha mifugo mjini Baton Rouge alikolipwa senti 25 kwa saa. Msimu wa kwanza alishinda mechi tatu, akafungwa tano. Msimu wa pili, 1942, alishinda zote tisa bila kuruhusu hata pointi moja! Ikumbukwe kwamba enzi hizo vyuo vya wazungu vya Kusini havikukubali kucheza na weusi, na mikahawa ya njiani haikuwahudumia, hivyo timu ilisafiri na chakula chake ndani ya basi.

Sasa sikiliza ajabu ya mambo. Kwa kuwa vyuo vikubwa vilifunga milango, vijana hodari weusi wa Louisiana walikwenda Grambling. Zaidi ya 200 kati ya wachezaji wa Robinson waliingia katika timu za kulipwa, wa kwanza akiwa Tank Younger mwaka 1949. Miaka ya 1970 milango ilipofunguliwa, hata katika chuo kikuu cha Alabama chini ya kocha mashuhuri Bear Bryant, vijana wa aina ileile wakaanza kuchukuliwa na vyuo vyenye fedha. Haki iliyopiganiwa kwa jasho na damu ikawa inamnyang'anya Robinson wachezaji.

Hata hivyo, mwaka 1985 alipata ushindi wake wa 324 na kumpita Bryant. Wapo waliobeza kwamba hakushindana na wakubwa. Jamani, nani aliyemkataza kushindana nao?

Alifikisha ushindi 408. Lakini misimu yake mitatu ya mwisho alifungwa zaidi kuliko alivyoshinda, shinikizo la kumtaka aondoke likawa kubwa, naye akapewa msimu mmoja wa kuaga. Alifariki mwaka 2007.

Mrithi wake alikuwa mwanafunzi wake mwenyewe, Doug Williams, ambaye Januari 1988 aliipa timu ya Washington ubingwa wa Marekani. Williams alitwaa ubingwa wa kanda yao miaka ya 2000, 2001 na 2002, akaondoka, akarudi mwaka 2011. Septemba 2013 akafukuzwa. Mwezi uliofuata wachezaji, waliokwisha kuchoshwa na vifaa vibovu na safari ndefu za basi, waligoma kwenda kucheza na Jackson State, na mpinzani akapewa ushindi wa mezani.

Baada ya hapo kiti kimepitiwa na Broderick Fobbs, aliyedumu tangu 2014 hadi 2021, kisha Hue Jackson kwa misimu miwili tu, na msimu wa 2024 akaingia Mickey Joseph.