Maji ya Kayole hufika Malindi

MIPANGO ya kuwakinga wakazi wa Pwani dhidi ya mafuriko hujadiliwa zaidi Mombasa, Kilifi na Tana River. Hata hivyo, sehemu ya maji yanayofika baharini hupitia mitaa ya mashariki mwa Nairobi, Kayole ikiwemo.

Mto Ngong, unaopita kando ya Kayole, huungana na Mto Nairobi karibu na Njiru. Mto Nairobi nao humwaga maji katika Mto Athi, ambao huitwa Galana baada ya kukutana na Mto Tsavo, kisha Sabaki, hadi unapoingia Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi. Njiani mto huo huzoa udongo wa mashamba ya Ukambani. Ndiyo sababu msimu wa mvua bahari ya Malindi hugeuka rangi ya kahawia na fukwe zake hujaa tope.

Bonde hili moja lina misiba inayofanana. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilisababisha maafa bara na Pwani. Masika ya 2024 yaliua zaidi ya watu 290 nchini, na serikali ikaamuru waliojenga karibu na mito wahame. Nyumba nyingi zilibomolewa jijini, na wapangaji wengi wakabaki bila pa kwenda.

Hapo ndipo penye funzo. Amri inayotolewa maji yakiwa mlangoni si mpango. Mpango huandaliwa wakati wa kiangazi: kuzibua mitaro, kuzoa taka kabla hazijaingia mtoni, kuchora ramani ya nyumba zilizo hatarini na kukubaliana mapema shule au kanisa gani litawapokea watakaohama. Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa nao sharti umfikie mkazi wa mwisho kwa lugha anayoielewa.

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inazitaka kaunti kuingiza suala hili katika mipango yao ya maendeleo. Mkazi wa Kayole ana haki ya kuhudhuria vikao vya wadi na kuuliza ni kiasi gani kimetengewa mitaro.

Mtaro uliozibuliwa Kayole humwokoa kwanza jirani. Taka zilizozuiwa hapo humpunguzia mzigo mvuvi wa Malindi, ambaye hana uwezo wa kuzizuia zikishafika kwake.