Bruda Colm O'Connell: kocha aliyekuja Iten akabaki

Naandika nikiwa Salgaa, ambako madereva wa malori kutoka Mombasa hulala usiku mmoja kisha huendelea na safari. Bruda Colm O'Connell alibaki Bonde la Ufa. Mwairlandi huyu alifika Shule ya Upili ya St Patrick's, Iten, mwaka 1976 kufundisha jiografia, bila mafunzo ya ukocha. Mwanafunzi wake Peter Rono alishinda dhahabu ya mita 1,500 Seoul 1988. David Rudisha, aliyemlea tangu ujana, aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 London 2012: dakika 1:40.91. Sasa nawauliza walimu wakuu wetu wa Pwani: kocha asipopewa miaka, kipaji cha mtoto atakikuza nani?